Madume Wawili wa Mijusi Kafiri Wasiwekwe Tangi Moja

Wafugaji wa mijusi kafiri hutuuliza mara kwa mara iwapo madume wawili wanaweza kukaa pamoja. Jibu letu ni hapana, na halibadiliki kwa ukubwa wa tangi wala kwa sababu wawili hao walianguliwa siku moja wakakua pamoja.

Tumchukue mjusi kafiri mwenye madoa ya chui (Eublepharis macularius), ambaye hufugwa sana majumbani. Dume aliyekomaa hulinda eneo lake na humtambua mwenzake kwa kemikali za ngozi anazozinusa na kuzionja kwa ulimi. Kemikali hizo zina nguvu kiasi kwamba hata jike anayejivua ngozi, ambaye harufu yake hubadilika kwa muda, huweza kushambuliwa na dume aliyemdhania kuwa dume mwenziwe. Porini, anayeshindwa hukimbia na ugomvi ukaisha. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia, kwa hiyo ugomvi huo huo huanza upya kila usiku.

Dalili za mwanzo hupotosha watu. Dume anayetaka kushambulia hujiinua juu ya miguu yote minne, hukunja mgongo na kupunga mkia polepole kushoto na kulia, na mfugaji mgeni hudhani wanacheza. Kinachofuata ni kung'atana shingoni, tumboni, miguuni na kwenye shina la mkia. Mkia ukikatika, mjusi hupoteza akiba yake ya mafuta, na unaoota baadaye huwa mfupi, umevimba na hauna mifupa. Spishi nyingine, kama Correlophus ciliatus wa Kaledonia Mpya, mkia wake hauoti tena kabisa.

Hata hivyo, majeraha si tatizo tunaloliona zaidi. Mara nyingi hakuna damu, na mfugaji huapa kwamba wanyama wake wanapatana, ilhali mmoja amekalia sehemu yenye joto la nyuzi 32 hivi za Selsiasi na mwingine amejibanza kwenye kona ya baridi. Mtambaazi asiyepata joto hawezi kumeng'enya chakula vizuri hata akila, na huyu hali vizuri, maana mwenzake humtangulia kwa wadudu. Wakionekana wamelala wamepandana, usidhani ni mapenzi: wanagombea pango moja la joto. Wapime wote wawili kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, kisha utazame mkia. Mkia wa mjusi mwenye afya hukaribia unene wa shingo yake. Ukianza kusinyaa, kuna anayedhulumiwa.

Wengi huangukia tatizo hili bila kukusudia. Jinsia ya mijusi hawa huamuliwa na joto la mayai: kwenye nyuzi 26 hivi hutoka majike kwa wingi, na kwenye nyuzi 32 na nusu hutoka zaidi madume. Ndiyo maana ndugu walioatamiwa pamoja huweza kuwa madume watupu, na wakiwa wadogo huwezi kuwatofautisha. Kuanzia umri wa miezi minne hadi sita, mweke kila mmoja katika kopo safi la plastiki linaloonyesha, uliinue na kumtazama kutoka chini. Dume ana vitundu vilivyopangwa kwa mstari wenye umbo la V mbele ya tundu la haja, na uvimbe wa pande mbili nyuma yake.

Ukishagundua kuwa ni madume, watenganishe siku hiyo hiyo. Kugawa tangi kwa kioo hakutoshi, kwa kuwa kuonana tu huwasumbua. Hata matangi mawili yaliyo bega kwa bega yawekewe kadibodi katikati. Kila mmoja awe na joto lake, maficho yake na maji yake. Asiyeweza kumudu tangi la pili ni heri amtafutie mmoja mfugaji mwingine, kwani mjusi huyu hahitaji mwenzi.

Aliyeng'atwa akae juu ya karatasi za kufutia badala ya mchanga, ili kidonda kisichafuke, na apelekwe kwa daktari wa wanyama anayewajua watambaazi. Yule aliyekonda, akishapata joto lake peke yake, kwa kawaida hurudia kula. Akikonda zaidi licha ya kutengwa, chukua kinyesi chake kipimwe, kwa kuwa vimelea vya kriptosporidiamu huambukizwa kwa kinyesi kati ya mijusi wanaoishi pamoja, na mwenzake pia atahitaji kupimwa.