Miwani ya karakana haitoshi kwenye peintiboli

Wengi wanaoanza peintiboli, mchezo wa kulengana kwa bunduki za risasi za rangi, hudhani miwani yoyote ngumu, hata ile ya fundi, inatosha kukinga macho. Si kweli. Risasi ya rangi ya kawaida ina kipenyo cha milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3, na huweza kuruka kwa mita 90 kwa sekunde. Miwani ya karakana imetengenezwa kuzuia vumbi na chembe. Ikipigwa hivyo inaweza kupasuka au kung'oka usoni, na meno na masikio yamebaki wazi tangu mwanzo. Vaa barakoa ya peintiboli, ile inayofunika uso mzima na masikio na yenye kioo mbele ya macho, kamba ikazwe mpaka ukitikisa kichwa isicheze.

Hatari kubwa zaidi ni ukungu kwenye kioo cha barakoa. Kioo kikififia, mchezaji mgeni huinua barakoa kidogo afute, na hapo ndipo jicho hupotea. Usithubutu! Mwite mwamuzi, inua mkono, toka hadi eneo salama, ndipo uvue. Kioo cha tabaka mbili hupunguza ukungu sana. Kinunue kabla ya kufikiria bunduki nzuri. Kisafishe kwa kitambaa laini chenye unyevu, maana kioo hiki ni cha plastiki, na kemikali kali huidhoofisha. Kikipata ufa, hata mdogo, kibadilishe.