Loji ya getini ni kitu gani hasa

Ukisema loji huku kwetu mtu anawaza hoteli ya mbugani, ila kwenye mashamba makubwa ya makabaila wa Uingereza loji ya getini ni kijumba cha mlinda geti, kimekaa pale barabara ya umma inapoachana na njia ya kwenda kwa mwenye shamba, na jumba lenyewe unaweza usilione kabisa maana liko ndani huko nyuma ya miti. Sasa kwa vile mgeni anaanza kuona hicho kijumba kabla ya kitu kingine, ndo maana kinarembwa kupita hadhi ya anayelala ndani.

Karne ya 18 fasheni ilikuwa Ugiriki na Roma, nguzo na mawe ya kuchonga. Msanifu majengo William Kent, aliyefariki 1748, kule shamba la Badminton kwa Duke wa Beaufort aligeuza geti zima kuwa jengo, tao katikati na juu yake chumba cha kulia chakula, yaani tajiri anakula huku anatazama shamba lake. John Soane naye, yule msanifu wa jengo la Benki Kuu ya Uingereza, miaka ya 1790 akajenga geti la shamba la Tyringham, tao moja zito na vijumba viwili, huku kimoja na huku kimoja.

Hivi vya pacha ndo vinanichekesha, kwa sababu kuna mahali familia moja ilipewa vyote viwili, jiko upande huu, kitanda upande ule, katikati magari ya farasi yanapita, na mvua ya Uingereza si unaijua, mtu ameshiba ugali wake, sijui viazi, anakimbia kwenda kulala.

Karne ya 19 wakahamia kwenye vijumba kama vya kwenye hadithi za watoto, paa lenye mteremko mkali, dohani ndefu, mbao zilizonakshiwa ukingoni, nembo ya ukoo ukutani. Angalia dirisha lililotokeza nje lenye vioo pande tatu: ukikaa pale unaona barabara kushoto na kulia bila kuinuka, gari likija unatoka mbio kufungua, na mara nyingi aliyetoka mbio ni mama, mzee yuko bustanini.

Leo vingi vimeuzwa, na kama kimeorodheshwa kuwa urithi hata kubadili dirisha ni mpaka kibali, kwa hiyo watu wanaongeza vyumba kwa nyuma, upande ambao mgeni wa tajiri hakuwahi kuuona.