Kuomba masta vyuo vitatu si tamaa: tunayoambiana kuhusu ufadhili, na ukweli wake

Madirisha ya ufadhili yanapofunguka, kuanzia Agosti hivi, wadogo zangu waliomaliza shahada ya kwanza huniuliza swali lilelile: nikazanie chuo kimoja, au niombe vingi? Karibu kila mmoja ameshaonywa nyumbani kwamba mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo ina mahali pake, lakini hapa nimeona ikiwakosesha nafasi watu wenye uwezo.

“Ukitaja vyuo vingi, mfadhili ataona huna msimamo”

Fomu ya Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, yenyewe inakutaka utaje kozi tatu za uzamili. Kinachomtia mfadhili shaka ni kozi zisizojuana. Muuguzi anayetaja afya ya jamii, sera za afya na uchumi wa afya ameshaeleweka kabla hata insha yake haijasomwa. Akitaja afya ya jamii, biashara ya kimataifa na uandishi wa habari, insha nzima itaishia kujitetea.

Wajerumani wamelinyoosha jambo hili zaidi. Katika mpango wa EPOS wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, unaowalenga watu wa nchi zinazoendelea ambao wameshafanya kazi angalau miaka miwili, unaruhusiwa kuomba hadi kozi tatu. Barua ya kueleza nia ni moja, ileile kwa zote, na ndani yake unasema ipi ni chaguo la kwanza, ipi la pili, na kwa nini. Wengi wetu tumezoea kukiandikia kila chuo kwamba “ninyi ndio pekee niliowafikiria.” Hapa sentensi hiyo inakuumbua, kwa sababu barua yenye maneno hayo itasomwa na vyuo vyote vitatu. Sema ukweli: hiki nakitaka kwanza kwa sababu ya maabara yake, kile cha pili kwa sababu somo la maji limebebwa kwa upana zaidi. Hakuna anayekuchukia kwa kuwa na mpango.

“Ukishapata udahili, ufadhili unajileta”

Hii ndiyo imeumiza watu wengi kuliko zote, na naelewa inakotoka. Tumelelewa kwenye kupangiwa. Unajaza machaguo, unasubiri, jina linatoka kwenye orodha. Aliyepitia KUCCPS, mfumo wa Kenya wa kupangia wanafunzi vyuo, au uchaguzi wa kidato cha tano Tanzania, anadhani na huko nje kuna mtu mmoja anayepanga kila kitu. Hayupo. Mara nyingi kuna milango miwili, wa chuo na wa mfadhili, na kila ufadhili una namna yake ya kuiunganisha.

Kwa Chevening milango imeachana kabisa. Unaomba ufadhili kwao, halafu unaviomba vyuo mwenyewe. Huhitaji barua ya udahili siku unapotuma maombi, lakini ukishateuliwa, lazima ufikapo Julai uwe na udahili usio na masharti kutoka angalau chuo kimoja kati ya ulivyotaja. Ukiukosa, ufadhili unapotea. Kwa hiyo zile kozi tatu ni kinga yako. Anayeomba udahili chuo kimoja tu kati ya vitatu ameitupa kinga hiyo mwenyewe.

Kwa Erasmus Mundus, masta za pamoja zinazofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, mambo yamegeuka: ombi moja linakwenda kwa muungano wa vyuo vinavyoendesha masta hiyo, na ndani yake mna udahili na ufadhili kwa pamoja. Gates Cambridge hupitia kwenye fomu ya udahili ya Cambridge yenyewe, na ni ya chuo hicho tu. Ufadhili wa Mastercard Foundation, hata uutamani vipi, unauomba kupitia chuo mshirika, kwa mfano Makerere, Cape Town au Edinburgh, na chuo ndicho kinachochuja.

Kabla ya kujaza chochote, chukua daftari uandike kwa kila ufadhili: ninamwomba nani, chuo kinaombwa wapi, na tarehe ya mwisho ya kila mlango ni ipi. Tarehe hizo mara nyingi hazifanani, na ya chuo inaweza kuwa imepita wakati ya mfadhili bado.

Nayasema haya nikiwa na kovu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba nilipata udahili wenye sharti moja dogo, transkripti kamili. Ofisi niliyotegemea ikachukua wiki baada ya wiki, nami nilikuwa nimeomba chuo hicho kimoja tu. Tarehe ikapita. Leo ninayemshauri namwambia aombe transkripti, nakala kadhaa zilizofungwa na kugongwa mhuri, kabla dirisha halijafunguka. Kipimo cha Kiingereza nacho kiangalie kwa kila chuo, maana mfadhili anaweza asikidai na chuo kikakidai.

“Mwisho ni vyuo vitatu, kila mahali”

Tatu imezoeleka kwa sababu ndiyo namba ya Chevening na EPOS, na zamani ilikuwa ndiyo ya Erasmus Mundus pia. Kwa Erasmus Mundus kikomo hicho kiliondolewa katika awamu ya 2021 hadi 2027. Ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola ambao gharama zake zinachangiwa na vyuo vya Uingereza unakuruhusu kuomba zaidi ya kozi moja na zaidi ya chuo kimoja, ila utapokea mmoja tu. Hata pasipo kikomo, mimi sivuki programu nne au tano. Baada ya hapo barua zinaanza kufanana, na msomaji anaona.

“Kila ombi ni hela, na bila dalali hufiki”

Chevening haitozi kitu kuomba. Anayekutoza “ada ya Chevening” anakuibia. Ujerumani, vyuo vinavyopitisha maombi uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba yao, vinakugharimu euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila la ziada katika muhula huohuo, kwa hiyo la pili na la tatu ni nafuu. Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, ingawa katika jimbo la Baden-Württemberg wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Marekani ndiko ada za maombi zinakolimbikizana, lakini vyuo vingi huwasamehe wasiojiweza. Andika barua pepe kuomba msamaha huo kabla hujalipa.

“Mwalimu akiandika barua moja ya kunipendekeza, natumia kote”

Mara nyingi mfumo wa chuo humtumia mwalimu kiungo cha mtandaoni moja kwa moja, naye hupakia barua ambayo wewe huioni. Vyuo vitano ni viungo vitano kwenye sanduku lake. Mpe orodha yote kwa mkupuo, pamoja na tarehe, na umkumbushe kwa adabu wiki moja kabla.

“Wa kwanza kukukubali ndiye wa kumjibu, upesi”

Hofu hii huwapata hasa wanaoomba uzamivu Marekani, ambako idara nyingi hulipia karo na kutoa posho. Huko vyuo vingi vimetia saini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Kwa hiyo chuo kikikushinikiza ujibu mwezi Februari, tazama kama kimo kwenye orodha ya waliosaini, kisha uwaandikie kwa heshima kwamba utajibu ifikapo tarehe hiyo. Tumia muda huo kulinganisha posho na gharama za mji, na uulize kama posho hulipwa hata majira ya joto.

Ukishaamua, waandikie waliobaki siku hiyohiyo kwamba huendi. Mistari mitatu inatosha. Kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri ambaye jibu lake limekaa juu ya lako.