Kuzalisha siyo kufuga

Juzi asubuhi nimelisikia tena lile kosa la kusema kufuga mahali pa kuzalisha. Niko jikoni namenya viazi, redio inazungumzia mazingira, mtangazaji anasema "vyura wetu wa Kihansi wanaofugwa Marekani", yaani wale wa korongo la Kihansi hapa Tanzania waliopelekwa huko ili wasitoweke. Mgeni wake, ambaye kwa maelezo yake alionekana kuyajua mambo, hakumsahihisha. Wiki haikuisha, nikamsikia kijana kwenye daladala akimweleza mwenzake kwamba wale vifaru weupe wa kaskazini wawili, wa mwisho wa aina yao, walio kwenye hifadhi ya Ol Pejeta kule Kenya, "ni mifugo tu kwa sasa". Nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na maana, nayo haichukui nafasi. Kufuga ni kumweka mnyama kwako, ukamlisha na kumlinda, akakuzoea na akawa wa kwako. Kuzalisha ni kusimamia uzazi wake: nani apandane na nani, lini, mahali gani, na watoto waende wapi. Wanyamapori wakizalishwa kwenye bustani au kituo chini ya uangalizi wa watu ili aina yao isitoweke, huo ndio uzalishaji ninaouzungumzia. Unaweza kufuga bila kuzalisha. Kuna kasuku waliozeeka kwenye tundu bila kutaga hata yai moja, na kuna mashamba ya mamba ambayo mayai yake huokotwa kando ya mito, yakaja kuanguliwa shambani. Na unaweza kuzalisha bila kufuga. Hili la pili ndilo watu hawalioni, na sababu imo ndani ya maneno yenyewe.

Chukua fuga. Mtu hufuga kuku, lakini pia hufuga ndevu, hufuga kucha, na wazee walituonya tusifuge ugonjwa. Kote humo kitu kinakaa kwako na kukua kwako, kwa sababu umekiacha kikae. Ndiyo maana tunasema simba hafugiki. Hatuna maana kwamba hawezi kuwekwa bandani, maana wamo mabandani duniani kote na wanazaa humo humo. Tuna maana kwamba hawi wa mtu. Lugha yetu ilikwisha kutenganisha kuwekwa na kufugwa. Sisi ndio tunaorudi kuvichanganya.

Zalisha lina historia nzuri zaidi, na naomba msomaji anivumilie hapa kidogo. Shina lake ni zaa. Sasa ile l ya zalia, zaliwa, zaliana na zalisha imetoka wapi? Haikubandikwa baadaye, ilikuwamo tangu zamani. Waganda husema kuzaala, Wazulu husema ukuzala, Wanyarwanda husema kubyara, kwao l imekuwa r. Kiswahili kiliiangusha l hiyo ilipokaa kati ya irabu mbili, tukabaki na zaa, lakini ukikinyambua kitenzi inajitokeza tena, kama inavyojitokeza kwenye kaa na kalia, fungua na fungulia, pokea na pokelewa. Kwa hiyo zalisha si neno la kiwandani lililoletwa kwa ajili ya ripoti. Ni la kale, la chumba cha uzazi.

Tatizo ni ile -isha ya mwishoni. Wengi wakiisikia husikia kulazimisha. Lakini anayemvusha mzee barabara hajamlazimisha, mzee anavuka kwa miguu yake. Anayemlisha mgonjwa hamezi kwa niaba yake. Na mkunga anapomzalisha mama, uchungu ni wa mama, nguvu ni za mama, mtoto ni wa mama. Mkunga amenawa mikono, amechemsha maji, amekaa macho usiku kucha, na asubuhi anaondoka. Hiyo ndiyo maana ninayoitetea. Maana nyingine zimekuja kulirundikia neno hili mzigo: tunazalisha sukari, tunazalisha saruji, tunazalisha umeme, na mitaani kijana akimpa msichana mimba wanasema amemzalisha. Nadhani ndiyo sababu watangazaji wanaliogopa. Wanaona "uzalishaji wa vyura" unanukia kiwanda, basi wanakimbilia kufuga, neno la nyumbani, lisilomtia mtu aibu.

Kihansi ndiko maana hizo zilikokutana kwenye korongo moja. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika milima ya Udzungwa. Ni wa rangi ya manjano, hafikii sentimita tatu, na makazi yake yote duniani yalikuwa eneo dogo la hekta chache lililoloweshwa mchana na usiku na manyunyu ya maporomoko. Vyura wengi hutaga mayai. Huyu huzaa, na mtoto huja akiwa chura kamili, mdogo kama punje ya mchele. Miaka michache baadaye maji ya mto yakaingizwa kwenye handaki ili kuzalisha umeme, megawati 180, na maji yaliyobaki kupita korongoni yakawa kama sehemu moja ya kumi ya yale ya awali. Manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili nao wazalishwe. Tulizalisha kimoja, ikabidi tuzalishe kingine.

Korongoni waliwekewa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda waliongezeka. Mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka, huku ugonjwa wa ukungu unaoua vyura sehemu nyingi duniani ukigunduliwa humo, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba wametoweka porini.

Kule Marekani nako haikuwa rahisi. Wengi walikufa, hadi waliobaki wakawa kwenye bustani mbili tu, Bronx na Toledo. Watunzaji walilazimika kujifunza kwamba chura huyu anahitaji manyunyu ya kila mara, taa yenye mionzi inayofanana na ya jua, na wadudu wadogo mno wanaoenea kwenye kinywa cha mtoto asiyefikia sentimita moja. Hakuna aliyemfundisha kuzoea maisha ya pale. Korongo la Kihansi ndilo lililopelekwa New York, likatengenezwa upya ndani ya sanduku la kioo. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Linganisha na mama yangu, aliyefuga kuku wa kienyeji. Jioni akifunga banda alikuwa anawatazama mmoja mmoja. Aliyeatamia vizuri na kuongoza vifaranga bila kuwakanyaga, huyo alibaki kuwa koo. Yule mtetea mkaidi aliyelala juu ya mwembe na kutagia vichakani ndiye aliyechinjwa wageni walipokuja. Hakuna mtu aliyemfundisha mama somo la nasaba, lakini kila mwaka kuku wake walikuwa wapole kidogo kuliko wa mwaka uliopita. Huko ndiko kufuga, kazi ya heshima, na imetulisha. Ila mnyama anayetakiwa kurudi porini ndiye yule yule ambaye mama angemchinja: anayekwepa watu, anayejitafutia.

Na hapa kuna jambo linalowanyima usingizi wanaofanya kazi hii. Hata usipochagua, banda linachagua. Mnyama asiyestahimili kelele na kuta anakufa mapema au hazai, aliyetulia anaacha watoto wengi, na baada ya vizazi kadhaa unakuta wameanza kufugika bila mtu kukusudia. Kwa hiyo uzalishaji wa aina hii unapigana na ufugaji kila siku, na silaha yake kubwa ni kitabu cha nasaba. Baisani wa Ulaya, wanyamapori wakubwa wa jamii ya ng'ombe, waliuawa hadi wa mwisho porini mwaka 1927. Wote walio hai leo wametokana na wanyama 12 waliokuwa kwenye bustani, na kitabu chao cha nasaba kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1932, kila mmoja na baba yake na mama yake. Mfugaji huwapandisha walio bora. Mwenye kitabu cha nasaba humtanguliza yule ambaye ndugu zake ni wachache, awe mzuri wa umbo au asiwe, ili damu yake isipotee.

Choroa wa Arabuni, swala mkubwa wa jangwani, ni mfano ninaoupenda, na wenzetu wa Oman wanaujua. Wa mwisho porini aliuawa huko mwaka 1972. Tangu 1963 lakini, Phoenix huko Marekani kulikuwa na kundi lililoanza na choroa tisa tu. Mwaka 1982 uzao wao ukafunguliwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Mbuzi akifunguliwa asubuhi, jioni anarudi zizini. Choroa wale hawakurudi kusubiri kulishwa. Waliingia jangwani wakafuata majani yalikoota.

Kuhusu vifaru wa Ol Pejeta, yule kijana wa daladala nilimjibu pale pale, na alinisikiliza vizuri. Najin na binti yake Fatu walizaliwa kwenye bustani ya wanyama huko Cheki, wanalindwa saa zote na wamezoea watu, kwa hiyo ukisema wanafugwa naelewa unachokiona. Lakini hawawezi tena kubeba mimba. Tangu 2019 yanachukuliwa mayai, yanarutubishwa maabara, na mimba inatarajiwa kubebwa na vifaru weupe wa kusini. Kazi inayofanyika pale ni kuzalisha, na bado mtoto hajazaliwa.

Kwa mtangazaji wetu, ambaye nampenda na nitaendelea kumsikiliza, ni neno moja tu la kubadilisha. Mahali pa "vyura wetu wanaofugwa Marekani" angesema "vyura wetu wanaozalishwa Marekani", na kama muda ungemruhusu angeongeza "ili warudi Kihansi".