Ishara ya insulini ni nini, na uzee unaingiaje hapo?

Barazani Mji wa Kale ukitaja uzee utaambiwa mwili ni kama gari: likienda sana huchakaa, basi. Wanabiolojia wengi nao waliona hivyo kwa muda mrefu. Lakini gari halijitengenezi lenyewe, na mwili hujitengeneza usiku na mchana. La kuuliza ni nini kinachouamuru uongeze bidii ya kujitengeneza au ulegee, na sehemu kubwa ya jibu imo katika kile wataalamu wanachokiita ishara ya insulini.

Ishara ya insulini ni ujumbe unaopita ndani ya seli kuiarifu kwamba chakula kipo. Chukua staftahi ya kawaida hapa Mombasa: mahamri, mbaazi za nazi na chai ya maziwa iliyokolea sukari. Wanga na sukari vikishameng'enywa huingia kwenye damu vikiwa glukosi. Kongosho huhisi glukosi imepanda, humwaga insulini, nayo hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya utando wa seli. Kuanzia hapo protini hupokezana ujumbe, moja hadi nyingine. Misuli na mafuta huivuta glukosi ndani, ini huweka akiba, na mwili hushika kazi ya kukua.

Upande wa pili wa ujumbe huo hausemwi sana, nao ndio unaogusa uzee. Ndani ya seli mna protini iitwayo FOXO. Insulini ikiwa juu, FOXO huzuiwa isiingie kwenye kiini cha seli. Insulini ikishuka, huingia na kuamsha jeni za ulinzi: za kuondoa kemikali haribifu, za kunyoosha protini zilizopinda, za kuistahimilisha seli joto na njaa. Shibe huagiza kukua, uhaba huagiza kujitunza.

Haya yalianza kufahamika kupitia mnyoo. Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita 1 hivi, na maabarani huishi wiki 2 hadi 3 tu. Akizeeka hulala palepale kwenye sahani yake. Ukimgusa kwa uzi mwembamba wa platini hutikisa kichwa tu, asiende popote. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja, daf-2, humfanya mnyoo huyo aishi mara mbili. Na hakuwa anavuta siku tu kitandani: umri ambao wenziwe walikuwa wamekufa au hawajiwezi, yeye alikuwa bado anatambaa. Jeni nyingine, daf-16, ikiondolewa, faida yote hupotea. Mwaka 1997 maabara ya Gary Ruvkun, Boston, ilionyesha kwamba daf-2 ni ndugu wa kipokezi cha insulini cha binadamu. daf-16 nayo ikabainika kuwa ni FOXO. (Ruvkun huyuhuyu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024, kwa kazi nyingine kabisa.)

Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mzito kuliko yote katika elimu ya uzee, kwa sababu ulithibitisha kwamba kasi ya kuzeeka hurekebishika. Kenyon hakuishia hapo. Mwaka 2009 maabara yake ilionyesha kuwa kuongeza glukosi asilimia 2 kwenye chakula cha mnyoo wa kawaida hufupisha maisha yake.

Nzi na panya wameonyesha mwelekeo uleule. Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo. Huko Ecuador kuna watu wafupi sana ambao miili yao haipokei homoni ya ukuaji, na ishara iliyo jamaa ya insulini kwao ni hafifu. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta saratani na kisukari ni nadra mno miongoni mwao, ila hawakuishi muda mrefu kuliko jamaa zao.

Basi mwenye kisukari asisikie habari hizi akadhani insulini ni adui. Mnyoo wa Kenyon alizaliwa na ishara iliyopunguzwa, haikukatika. Mgonjwa ambaye kongosho lake halitoi insulini akiacha sindano, glukosi hujaa kwenye damu huku seli zikilia njaa, mwili huanza kuchoma mafuta ovyo, damu hugeuka kuwa na asidi, na ndani ya siku chache anaweza kufa.