Je, wajua kwanini Texas ilikabidhiwa makazi ya wahanga wa Harvey huku hela zikibaki Washington?

Kimbunga Harvey kilipiga pwani ya Texas karibu na Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017, halafu kikagoma kuondoka, kikazunguka palepale siku kadhaa kinamwaga maji mpaka mji wa Nederland ukapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua. Houston ikafurika. Kwa kawaida Marekani mtu akikosa nyumba kwa maafa, makazi ya muda ni kazi ya FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, wao ndio wenye zile trela (nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari) unazoziona kwenye taarifa ya habari. Safari hii katikati ya Septemba gavana Greg Abbott akatangaza kwamba kazi itaendeshwa na jimbo, na waliopewa ni Ofisi ya Ardhi. Ndio, ardhi. Ofisi iliyoanza 1836 Texas ikiwa bado jamhuri, inayokodisha maeneo ya mafuta na kutunza Alamo, ile ngome ya kihistoria kule San Antonio, hao ndio wakaambiwa haya sasa, tafuteni trela. (Tangu 2011 walikuwa wanasimamia hela za ujenzi mpya baada ya vimbunga, kwahiyo hawakuokotwa tu barabarani.)

Sasa ukisikia "jukumu limehamishiwa jimboni" unapata picha kwamba Washington imenawa mikono, Texas ilipe na Texas iamue. Wengi wanaelewa hivyo, lakini sheria ya maafa ya 1988 inasema gharama za makazi haya serikali kuu inabeba asilimia 100, na hilo halikuguswa. Nani anastahili? FEMA ndio wanaamua. Yaani huendi Ofisi ya Ardhi kujaza fomu, unajiandikisha FEMA, wanakukagua, ukipita ndio jina lako linapelekwa kwa watu wa jimbo. Utakaa muda gani? Miezi 18 kuanzia siku maafa yalipotangazwa, labda iongezwe, na hiyo pia ni sheria ya taifa. Kilichohama ni shughuli zenyewe: mikataba, kuleta trela, kuvuta umeme na maji, na kupokea simu za watu wenye hasira.

Chukulia kaka yako yuko Muscat anajenga nyumbani na wewe ndiye msimamizi wa saiti. Hela zake, ramani yake, kila risiti lazima aione kwanza. Fundi akikosa saruji anakufokea wewe, mama akipita akaona ukuta haujapanda anakusema wewe, na wewe huwezi hata kubadilisha mlango mpaka kaka apokee simu. Ila unajua fundi yupi ni mwizi na lori gani halipandi kile kilima, kitu ambacho kaka hawezi kukijua akiwa huko.

Hiyo ndio ilikuwa hoja ya Texas, wa karibu anajua zaidi, na hoja ina uzito. Tatizo ni kwamba masharti yalibaki ya FEMA. Mfano trela, huwezi kuiweka hivihivi kwenye eneo la mafuriko bila ukaguzi na vibali, na waliohitaji trela wengi wao viwanja vyao viko humohumo kwenye mafuriko. Miezi ikapita, watu wakalalamika kwamba zinachelewa. Kama kosa ni la jimbo au la FEMA ni ngumu kutenganisha, maana ndani ya wiki chache kimbunga Irma kikapiga Florida na kimbunga Maria kikaivunja Puerto Rico, shirika likawa limetawanyika kila kona.

Kwamba tatizo ni masharti, jimbo jirani la Louisiana ndio linaonyesha vizuri zaidi. Baada ya kimbunga Ida 2021 jimbo lilileta trela zake, zile ndogo za kwendea matembezi na kupiga kambi, lakini kwenye makaratasi hazikuitwa makazi ya muda, ziliingia kwenye fungu la malazi ya dharura, ambalo FEMA wanarudisha hela lakini masharti yake ni mepesi zaidi. Watu wakaanza kulala kwenye trela za jimbo mapema kuliko za FEMA, na mlipaji kwa sehemu kubwa ni yuleyule.