Betri ya pili kwenye gari la safari: yanayosemwa gereji na ukweli wake

"Funga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, umemaliza." Ndivyo utakavyoambiwa kwenye gereji nyingi hapa Arusha ukipeleka Land Cruiser ya watalii ifungwe friji. Nusu yake ni kweli, ujazo unaongezeka. Lakini betri zikilala zimeunganishwa hivyo, friji inazinyonya zote mbili, na alfajiri pale Seronera, katikati ya Serengeti, wageni wameshavaa majaketi, unageuza ufunguo stata inagonga tu. Betri ya pili inawekwa ili ya kwanza isiguswe. Kati ya betri hizo mbili panatakiwa relei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayosoma volti: injini ikiwaka na chaji ikafika kama 13.3, inaziunganisha, volti zikishuka kama 12.8, inazitenga. Swichi ya mkono nayo inafaa, mradi dereva akumbuke kuizima, na aliyeendesha toka Arusha mpaka Serengeti siku nzima hakumbuki.

Kuna na hii: betri iliyochoka kuwasha gari ihamishiwe kwenye friji. Hapana. Betri ya stata ina sahani nyembamba, imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Friji inataka betri yenye sahani nene inayovumilia kutumika polepole kwa saa nyingi. Na hiyo iliyochoka kila ikiunganishwa inaivuta chini ile nzima.

Wengine wanaona betri ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ampea mara saa) ni Ah 100 za kutumia. Friji ndogo huvuta kama ampea 4 kompresa ikizunguka. Ikizunguka nusu ya muda, kwa saa 24 imekula Ah 48, na betri ya risasi, ile ya kawaida yenye sahani za madini ya risasi, haifai kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Kwa hiyo unayo siku moja ya kuegesha, si mbili. Pima volti gari likiwa limezimwa na betri imepumzika saa kadhaa: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Anayepima injini ikiunguruma akaona 14 anapima alteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri.

Waya ndiko watu wanakobania pesa. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, upitishe ampea 30: volti 2 zinapotelea njiani, betri ya nyuma haijai hata uende Karatu na kurudi. Wa 16 unapoteza theluthi ya volti. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja usikubali kabisa, mtikisiko wa barabara za mbugani unaukata.

Fyuzi nayo huwekwa karibu na friji, eti ndiyo inayolindwa. Inalindwa waya. Ukichubuka na kugusa bodi kabla ya fyuzi, gari linaungua. Iwe jirani na taminali ya betri, tena pande zote mbili za waya unaounganisha betri, kwa sababu umeme unaweza kutoka upande wowote.

Ile ya betri kuisha ikiwekwa kwenye sementi ilikuwa ya makasha ya zamani. Ya plastiki haina shida.

Sasa zinaingia za lithiamu, na mafundi wanazifunga kwenye relei ileile. Lithiamu ikipumzika inabaki karibu na 13.3, kwa hiyo relei inachelewa kuachia au haiachii. Ikiwa tupu inavuta chaji kubwa mpaka alteneta inapata moto. Hiyo inataka chaja yake, inayokaa kati ya alteneta na betri na kuweka kikomo cha ampea inazopitisha. Kama bei ya chaja hiyo inakushinda, baki na ya risasi.